Maua ya Waya

Siku ya mnada wa mifugo, Garsen haina adabu. Mabasi ya Lamu na ya Malindi hupishana njia panda yakipigiana honi kama maharusi wawili waliokodi ukumbi mmoja. Ng'ombe huvuka barabara wapendapo kwa kuwa mji ni wao, na vumbi huketi juu ya kila kitu, juu ya maandazi, juu ya kofia za wazee, juu ya midomo iliyopakwa rangi asubuhi. Katika vumbi hilo, chini ya neti nyeusi ya kivuli, Kadii alikuwa ameinama akimwagilia miche yake. Alivaa gauni la rangi ya chungwa lililombana pale palipostahili, leso kiunoni, nywele kazisuka twende kilioni. Alikuwa na stashahada ya kilimo cha bustani na ulimi usiomwogopa mtu.

Mara kundi la mbuzi la mzee Hiribae likakatika. Mbuzi wa Garsen wanajua kusoma. Wakiona kijani kibichi wanaelewa wameandikiwa wao. Walikuja moja kwa moja kuelekea viriba vya asumini, na Kadii hakuwa na kitu mkononi ila kopo la maji.

Kijana aliyekuwa akisukuma mkokoteni barabarani aliacha mikono ya mkokoteni, akanyanyua lango jipya la chuma alilokuwa amelibeba, akalisimamisha mbele ya kibanda na kulishikilia kwa mabega. Mbuzi wakagota. Mmoja alichungulia kati ya nondo, akapiga chafya.

"Tumefunga," kijana akawaambia mbuzi. "Njooni mnada ujao."

Kadii aliinua macho. Aliona mikono yenye makovu madogo ya cheche, shati la buluu lililotobokatoboka kifuani, na meno yaliyokuwa yakicheka kabla ya mdomo.

"Na wewe umefungiwa nje au ndani?" akamuuliza.

"Nilikuwa natarajia ndani, bibie, kama mwenyewe hana neno."

"Ndani ni kwa wanunuzi."

"Basi niuzie. Huo unaojinyonganyonga kwenye kijiti ni nini?"

"Asumini. Udongo wako uko wapi?"

"Udongo?"

"Siuzi mche kabla sijaona udongo utakaokaa. Mtu hanunui kiatu akiuacha mguu nyumbani."

"Wenzako wanauza hivyo hivyo."

"Wenzangu wanauza kuni ambazo hazijakauka."

Kijana alicheka mpaka lango likatikisika. "Mbona miti ya mathenge imeota wilaya nzima na hakuna aliyeiuliza udongo?"

"Mathenge ni mgeni asiyepiga hodi."

"Basi mimi ni mathenge," akasema. "Naitwa Kaingu. Nachomelea vyuma pale nyuma ya kituo cha mafuta."

Alasiri alirudi na udongo kwenye kofia yake. Kadii aliutia maji kidogo, akaukanda, akauviringisha baina ya viganja uwe kama mkia wa panya. Ukakatika. Kichanga, akamwambia, na una mabaki ya chuma, lakini asumini itavumilia, haina kiburi. Aliposema hivyo, Christabel aliyeuza chai kibanda cha pili alikohoa kikohozi cha mtu asiyeumwa.

Hivyo ndivyo yalivyoanza. Kabla ya mvua za vuli, Garsen nzima ilikuwa imekwisha kuona. Kaingu alimtengenezea Kadii fremu za chuma za kuegemeza mimea itambaayo, na Kadii akamfundisha kuifunga kwa vipande vya leso kuukuu, visivyokaza. "Waya huukata mmea shingo," alimwambia. "Kila ukinenepa, unajinyonga." Kaingu akasema basi yeye amefungwa kwa leso, maana ananenepa na hasikii maumivu. Jioni walizungumza kwenye simu ilhali waliachana muda si mrefu.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe umekula?"

"Siwezi kula. Mtu fulani amenishibisha."

"Kaingu, wacha uongo wa bei rahisi."

"Nipandishie bei, roho yangu."

Mjini, sifa ya Kadii ilipanda kuliko mimea yake. Watu walimletea udongo kwenye leso, kwenye karatasi za unga, kwenye soksi. Naye alikanda, akaviringisha, akatoa hukumu kama kadhi: hapa panda, hapa usipande, hapa jenga choo. Alijivunia jambo moja kuliko yote, kwamba hajawahi kumwambia mtu ndiyo kwa udongo uliosema hapana.

Kisha Kaingu akampeleka kwa mama yake.

Mama Truphena alikuwa ameishi Golbanti tangu alipoolewa, kando ya mto, mahali ambapo Tana huacha udongo laini wa kahawia kila inapofura. Langoni kwake palikuwa na bogenvilia iliyopanda mpaka paani, nyekundu kiasi kwamba watu walielekezana njia kwa kuitaja. Mafuriko yalipokuja, mto ulichukua nyumba, ukachukua lango na ua lake. Sasa Kaingu alikuwa amemjengea mama nyumba mpya ya mabati nje kidogo ya Garsen, mbali na maji, na mbele ya nyumba alikuwa amesimamisha tao la chuma, kazi safi, limepinda kama unyusi.

"Nataka mama aingie chini ya bogenvilia tena," Kaingu alisema. "Mengine yote nimemrudishia. Hilo ndilo limebaki."

Kadii alichutama, akachukua udongo. Ulikuwa mweusi. Aliukanda, akauviringisha, mkia wa panya ukatoka mrefu na haukukatika. Akaupinda, ukawa pete. Pete ile haikuwa na ufa hata mmoja. Hakuhitaji stashahada kujua maana yake. Huo ni mfinyanzi mzito, ambao kiangazi hupasuka ukameza kandambili, na masika hushika maji kama bakuli. Bogenvilia hupenda miguu mikavu. Humo ingeoza.

Mama Truphena alikuwa amesimama juu yake, kitenge cha zambarau kimemkaa vizuri, akiiangalia mikono ya msichana kama mtu anayeangalia mikono ya mkunga.

"Ndiye huyu mwenye mkono?" alimuuliza mwanawe.

"Ndiye, mama."

"Itashika, mwanangu?"

Kadii aliiponda ile pete ndani ya kiganja chake. "Itashika, mama," akasema.

Mama Truphena akamkumbatia. Kaingu, nyuma ya bega la mama yake, alimtazama Kadii kwa macho ambayo msichana yeyote angeyauzia ukweli.

Alijaribu kuuokoa uongo wake kwa ufundi. Alichimba shimo refu, akalijaza samadi na udongo mzuri wa mtoni, akapanda bogenvilia kubwa aliyoiagiza Malindi. Alipokuwa akishindilia alijua anachofanya: shimo la udongo mzuri ndani ya mfinyanzi ni ndoo. Mvua zitakaponyesha, maji yote ya uwanja yatateremka humo na hayatakuwa na pa kutokea.

Mvua zikanyesha.

Majani yakawa manjano, yakaanguka. "Inajivua ya zamani," Kadii alimwambia Mama Truphena. Mama akaamini, na baadaye akasafiri kwenda Kilifi kumlea bintiye aliyejifungua. Kaingu naye alikuwa amepata kazi ya paa la shule huko Hola. Hakubaki mtu wa kuutazama ule mti ila Kadii. Aliutazama ukifa, tawi baada ya tawi, naye kila alipoulizwa kwa simu alijibu neno lile lile.

"Ua la mama linaendeleaje?"

"Linaendelea."

"Mama ameshawaambia wenzake wote wa kanisani. Wanakuja kuibariki nyumba akirudi. Na kuna jambo anataka kuwatangazia, ambalo linakuhusu wewe. Mbona kimya?"

"Mtandao."

"Kadii. Kuna nini?"

"Si nimekwambia ni mtandao, Kaingu?"

Akaanza kutopokea simu. Mtu mwenye aibu hufanana sana na mtu mwenye hawara: hutazama chini, hukata mazungumzo, hujibu swali ambalo hajaulizwa. Kaingu, aliyekuwa juu ya mapaa ya Hola na jua likimchoma kisogo, alianza kuhesabu dalili. Siku moja kabla ya baraka alipiga, na safari hiyo Kadii akapokea kwa bahati mbaya.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Kibandani."

"Nasikia tuktuk."

"Zinapita hapa."

"Tuktuk gani ya Garsen? Hizo ni za Malindi."

Simu ikakatika. Kadii alikuwa Malindi, kwenye bustani ya nyumba moja kubwa ya ufuoni iliyotunzwa na Elvis, kijana aliyesoma naye chuoni. Elvis alikuwa anapunguza ua wa bogenvilia, na Kadii alikuwa akiyapanga matawi yaliyokatwa ndani ya magunia mabichi.

"Unayapeleka wapi haya yote?" Elvis aliuliza.

"Harusini."

"Ya nani?"

"Usiniulize, Elvis, tafadhali."

Asubuhi ya baraka, kabla Mama Truphena hajashuka kwenye basi la kutoka Kilifi, Kadii alikuwa juu ya kigoda, akifunga matawi kwenye tao. Leso hazikutosha. Alichukua waya wa kufungia nondo kutoka kwenye mabaki ya kazi ya Kaingu, akakaza. Alipomaliza, tao liliwaka jekundu kuanzia chini mpaka juu, na kile kishina kikavu cha chini hakikuonekana. Aliteremka, na mikono yake ilikuwa imechanwa na miiba.

Mama Truphena alipofika langoni, mzigo ulimtoka mkononi. Alisimama chini ya tao, akainua uso. Alilia polepole, jinsi watu wazima wanavyolia, bila kujifuta.

Hapo ndipo Kadii angeweza kusema. Palikuwa na wakati, na hapakuwa na mtu mwingine. Badala yake alishika mzigo wa mama akauingiza ndani.

Wanawake wa kanisa walikuja mchana na nyimbo, vitambaa vyeupe kichwani, Asenath mwenyekiti wao akitangulia na ngoma. Kaingu alikuwa amefika kutoka Hola, shati jeupe limepigwa pasi, uso haukupigwa. Alimsalimu Kadii kama anavyomsalimu karani. Kulikuwa na wali wa nazi na kuku wa kienyeji, na sala ndefu, na jua. Garsen ina jua lisilojua mgeni. Wakati wa sala Kadii alifumbua macho akaona maua ya juu yameanza kujikunja, kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto.

Asingejali kama wangekula wakaondoka. Lakini alikuwa amesahau jambo ambalo kila mtoto wa kike wa pwani hulijua kabla ya kujua kuchota maji: mwanamke hatoki kwenye nyumba yenye ua zuri bila kuomba tawi.

"Truphena," Asenath alisema akijifunga leso vizuri, "hili ua hukupewa peke yako. Nikatie kipande nikapande kwangu."

Na Mama Truphena, ambaye kwa miezi mingi alikuwa mtu wa kupewa, wa kupangwa foleni ya unga na mablanketi, akanyoosha mikono yote miwili. "Kateni," akasema. "Kateni nyote. Langu limerudi, nitanyima nini?"

Asenath alishika tawi akavuta. Lilimfuata lote, refu kama mkono, pamoja na waya. Alilitazama. Alitazama ncha yake iliyokatwa kwa mkasi. Mwanamke wa pili naye alikuwa amekwisha vuta, na wa tatu, kwa kuwa waliokuwa nyuma hawakuona na furaha ina haraka. Tao likavuliwa nguo mbele ya watu. Mwisho kilibaki chuma, vipande vya waya vikining'inia, na kile kishina cheusi ardhini, kimekauka kama fimbo ya kuchokolea moto.

Nyimbo zilikwisha zenyewe. Mtu mmoja alicheka, akajikohoza.

Mama Truphena aliliangalia tawi mkononi mwa rafiki yake, kisha akaingia ndani na kufunga mlango.

Asenath alimgeukia Kaingu. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka tu kujua amuulize nani. "Kaingu, mwanangu. Huyu binti si ndiye tuliyeambiwa ni mchumba wako?"

Kadii alimtazama Kaingu. Alikuwa na imani kwamba atasema ndiyo, hata kwa hasira.

"Huyu ni muuza miche tu," Kaingu akasema. "Tulimkodi."

Baadaye, kando ya uzio, Kaingu alimfuata.

"Nilidhani una mwanamume Malindi."

"Sina."

"Najua sasa. Heri ungekuwa naye. Mwanamume ningepigana naye. Uongo wa ua nitapigana na nani? Umemwambia mama yangu ateke maji kwenye kisima cha kuchora."

"Nilitaka afurahi."

"Ulitaka upendwe. Si kitu kimoja, Kadii."

Angeweza kumkumbusha neno lake, muuza miche tu, lakini hakuwa na uso wa kumdai mtu ukweli. Aliokota magunia yake akaondoka kwa miguu.

Garsen ni mji mdogo wenye masikio makubwa. Kesho yake walikuwa wamempa jina: Mama Waya. Mzee Hiribae alipita akamwuliza kwa upole kama maua yake huchomelewa au hufungwa. Watu waliacha kuleta udongo. Aliyetaka mche alichukua, akalipa, akaenda, na hilo lilimuuma kuliko mzaha. Alikunja neti. Siku nyingine alifungua kibanda akakaa na mgongo barabarani.

"Unanunua nini huko ukutani?" Christabel alimuuliza, akimwekea kikombe cha chai.

"Niache."

"Watu wamesahau."

"Hawajasahau."

"Hawajasahau," Christabel akakubali. "Lakini wamechoka. Umemwomba msamaha mama wa watu?"

"Nilimtumia ujumbe."

"Ujumbe. Matawi ulimpelekea kwa mkono, msamaha unamtumia kwa simu."

Kadii alikisukuma kikombe pembeni. Chai ilipoa. Kisha akavaa viatu vya mvua, akachukua jembe na sururu, akapanda boda. Njia nzima alitamani pancha.

Mama Truphena alikuwa uwanjani akipepeta mchele. Asenath alikuwa pamoja naye kwenye jamvi. Kadii alikuwa amejiandaa kwa shahidi mmoja.

"Hodi, mama."

"Karibu," Mama Truphena akasema, bila kuacha ungo.

"Nimekuja kuung'oa ule mti. Na nimekuja kusema." Aliliweka jembe chini. "Siku ile niliposhika udongo, nilijua. Si kwamba nilikosea, nilijua ungekufa. Nikakwambia itashika kwa sababu uliniangalia vizuri, nikaogopa utaacha."

Ungo ukatulia. Asenath alitazama pembeni, na Kadii alimshukuru kwa hilo.

"Mimi silii ua," Mama Truphena alisema. "Ua lilikwenda na mto, nilishalizika. Nililia kwa kuwa siku hiyo nilikuwa na kitu cha kuwapa watu. Niliwaambia kateni. Unajua ni tangu lini sijamwambia mtu chukua?"

"Najua, mama."

"Hujui. Haya, ng'oa."

Kadii alichimba. Mfinyanzi ulishika jembe kama deni, ukashika viatu, ukashika gauni. Alipofika chini, maji meusi yalijitokeza, na harufu ya yai bovu ikapanda. Mizizi ilikuwa laini. Ilimbaki mkononi kama nyuzi za bamia. Alilia hapo, uso karibu na shimo, kwa sababu mmea haukuwa na kosa. Uliwekwa mahali usipoweza kuishi ili mtu mmoja asifiwe mchana mmoja.

Hakusikia pikipiki. Alisikia sauti.

"Nani amekuita?"

Kaingu alisimama chini ya tao, mkoba wa zana begani.

"Hakuna. Nimejileta."

"Nimekupigia simu juzi."

"Niliiona."

"Hukupokea."

"Nilidhani unataka kunitukana, Kaingu, na nilikuwa nimeshiba."

Alisugua kovu mkononi. "Nilitaka kukwambia lile neno la muuza miche. Nimekuwa nikilisikia kila nikiwasha mashine. Wewe uliongopa usipoteze watu. Mimi niliongopa nisionekane nimesimama nawe. Sijui la nani baya zaidi, lakini langu lilisikika mpaka barabarani."

"Lilisikika," Kadii akasema.

"Ndiyo."

"Lilikuwa kweli, lakini. Nauza miche."

Hakucheka, ila kitu usoni mwake kililegea. Mama Truphena alikuwa amesogea mpaka ukingo wa shimo, Asenath nyuma yake.

"Sasa," mama akasema, "ukilifukia hili tukapanda nyingine. Ya Malindi. Ukaitia mchanga. Hili tao haliwezi kukaa uchi. Itashika?"

Kadii alijua jibu alilotakiwa. Aliliona limeandikwa kwenye uso ule uliopoteza mto, nyumba na lango, na ambao ungemsamehe papo hapo kwa neno moja. Kaingu naye alimwangalia.

"Hapana, mama," akasema. "Bogenvilia haitaishi kwenye uwanja huu. Si mwaka huu, si mwaka ujao."

Mama Truphena alivuta pumzi. Ilikuwa pumzi ndefu na chungu, na hakuna aliyemsaidia.

"Basi litakaa uchi?"

"Kuna mmea mwingine mtambaazi, mgumu. Maua yake hufunguka meupe, yakiiva huwa mekundu. Hautafanana na ule wa Golbanti. Nao hatutauzika shimoni. Tutainua tuta, udongo uliochanganywa, juu ya usawa wa uwanja, maji yapite chini yake. Mwaka wa kwanza hutaona kitu cha kuwakatia watu. Wa pili labda."

"Labda," mama akarudia.

"Labda, mama. Sina neno bora."

Asenath akaingilia. "Mimi nauliza tu, kwa kuwa siku ile nilijibiwa vibaya. Kaingu, huyu aliye shimoni ni nani?"

Kaingu alitua mkoba. Alivua viatu, akavipanga vizuri chini ya tao, akaingia shimoni na suruali yake safi. Tope lilimpokea mpaka kwenye vifundo.

"Mchumba wangu," akasema kwa sauti ya kusikika jikoni kwa jirani.

"Hujaniposa," Kadii akasema.

"Nakuposa sasa."

"Ndani ya tope linalonuka?"

"Ndipo ulipo."

Walimngoja wote watatu. Kadii alihisi ile ndiyo ya haraka ikimpanda kifuani, tamu, tayari kuruka, ile ile aliyoitoa hapo hapo siku alipoiponda pete ya udongo. Aliimeza.

"Sitakujibu leo," akasema. "Nilishajibu upesi mahali hapa mara moja. Ngoja, Kaingu. Nikijua, utajua."

Kaingu aliinamisha kichwa. Alichukua sururu, akaanza kuchimba njia ya maji, na Mama Truphena, aliyekuwa amefunika mdomo kwa leso, akaonekana mabega yakimtikisika. Ilichukua muda kujua kwamba anacheka.

Mvua zikaisha, uwanja ukakauka ukapasuka. Tuta lilisimama. Mtambaazi ulitoa kikonyo, ukashika nondo ya kwanza. Kaingu alikuja kumwagilia, akasalimu, akaenda zake; hakumuuliza kitu, na hakumtania kwenye simu. Kadii aligundua kwamba kimya hicho hakimwogopeshi. Alikipima, akakigeuza, akakiangalia kama anavyoangalia jani upande wa chini. Na asubuhi moja ya kawaida, ng'ombe wakivuka na basi la Lamu likiwapigia honi bure, alichukua simu.

"Kaingu."

"Naam."

"Ndiyo."

"Ndiyo nini?"

"Ile ya tope."

Upande wa pili chuma kilianguka sakafuni kwa kishindo, na mtu akamlaani fundi. Kadii alikata simu kabla hajasikia zaidi. Uso ulimwaka. Alivuta leso akajifunika mpaka machoni.

"Wewe," Christabel aliita akimwaga machicha ya chai, "umekuwaje?"

"Jua tu," Kadii akasema.

Kisha akaiteremsha leso, uso mzima ukabaki wazi barabarani.

"Hapana, Christabel. Si jua. Nimeposwa, na nimekubali, na naona haya."